Je, Roboti Inaweza Kumpima Mama Mishipa?

SWALI: Mhariri, mama yangu ana kisukari na mguu humuuma akitembea. Alipimwa mishipa kwa altrasaundi hapa Jinja, kisha Kampala, lakini kasi ya damu iliyoandikwa haikulingana. Nasikia kuna roboti zinazofanya kazi hiyo. Je, zinaaminika kuliko mtu?
Msomaji, Jinja

JIBU: Roboti hizo zipo, ingawa nyingi bado zimo katika maabara za utafiti. Kabla ya kumlaumu aliyempima mama, fahamu kwamba mashine hukokotoa kasi ya damu kwa kutegemea pembe iliyopo kati ya mawimbi ya sauti na mkondo wa damu. Pembe ikiwa nyuzi 60, kukosea kwa nyuzi 5 tu hupotosha jibu kwa takriban asilimia 15. Mtaalamu anayepima tangu alfajiri, bega likimuuma, anaweza kukosea kiasi hicho bila uzembe wowote.

Hapo ndipo roboti ina nafuu. Kamera huutazama mguu, programu huutambua mshipa katika kila picha ya altrasaundi na kuufuata usitoke katikati, na kwa kuwa mahali pa kila picha panajulikana, picha hizo huunganishwa zikatoa umbo la mshipa mzima kutoka kwenye kinena hadi gotini.

Kazi ngumu, kwa maoni yangu, ni kubonyeza. Vena, yaani mshipa unaorudisha damu moyoni, ni laini mno: ukiigandamiza kidogo hutoweka kwenye skrini, huku ateri, yaani mshipa unaotoa damu moyoni, iliyo kando yake ikiendelea kudunda. Anayetafuta damu iliyoganda hubonyeza makusudi, kwani vena isiyobonyea ndiyo inayotiliwa shaka. Anayepima upana wake hugusa kwa wepesi, kama anayempaka mtoto mafuta. Roboti huwa na kihisi cha kupima mgandamizo huo, lakini lazima ielekezwe inatafuta nini, na mgonjwa akikohoa au akisogeza mguu, ramani yake yote huvurugika. Ndiyo maana mtaalamu hukaa karibu nayo.

Kwa sasa, mpeleke mama kwa daktari wake pamoja na ripoti zote mbili, picha zikiwemo. Pembe iliyotumika kwa kawaida huandikwa pembeni mwa picha, karibu na kasi. Mwombe daktari azilinganishe, na ahakikishe kwamba vipimo vyote viwili vilichukuliwa sehemu ileile ya mshipa.