Barua kwa Mwanangu: Mungu Mwenye Nyundo

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili. Umenieleza kwamba katika jumba la makumbusho la Metz, huko Ufaransa, ulisimama mbele ya jiwe lenye mwanamume na mwanamke waliochongwa bega kwa bega, na sasa wataka kujua yule bwana mwenye nyundo ni mungu gani, na watu walimwabuduje ilhali hawakuacha kitabu.

Anaitwa Sucellus, na aliye ubavuni mwake ni mungu wa kike, Nantosuelta. Jiwe hilo ni madhabahu iliyofukuliwa Sarrebourg mwaka 1895, na thamani yake kubwa imo katika maandishi machache ya Kilatini yaliyochongwa pamoja na picha. Kabla ya hapo zilikuwa zimekwisha kupatikana sanamu za mtu mzima mwenye ndevu, ameshika nyundo ya mpini mrefu mkono mmoja na kichungu mkono wa pili, lakini wataalamu walimwita tu mungu mwenye nyundo. Madhabahu ya Sarrebourg ndiyo iliyounganisha sura na jina.

Jina lenyewe ni la Kigallia, lugha ya Wagallia, wenyeji wa kale wa Gallia, yaani nchi ambayo sehemu yake kubwa leo ni Ufaransa, na hufasiriwa kuwa "apigaye vizuri". Juu ya kinachopigwa wataalamu wamebishana sana: wako waliotaja radi, na wako waliotaja kifo. Mimi sioni kifo katika uso ule mpole. Katika sanamu nyingine ana mbwa miguuni au pipa kando yake, na nyingi zimetoka bonde la Rhône na Burgundy, nchi za mizabibu, kwa hiyo moyo wangu unaelekea kwa wale wanaomwona kama mlinzi wa riziki na neema ya nyumbani.

Kuhusu kitabu, Julius Caesar, jemadari wa Kirumi aliyeiteka Gallia kati ya mwaka 58 na 50 KK, ameandika kwamba makuhani wa Wagallia, Wadruidi, waliona si halali kuyaandika mafundisho yao. Mwanafunzi aliyahifadhi kifuani. Ameandika pia kwamba Wagallia walihesabu siku kuanzia usiku, mchana ukafuata, kama tunavyosema sisi usiku wa Ijumaa tukikusudia ule unaotangulia mchana wake. Nilipolisoma hilo kwa mara ya kwanza, watu hao walinikaribia ghafla.

Sasa ibada. Jibu lako limo katika jiwe lile lile, kwa kuwa maandishi yake yanasema kwamba Bellausus, mwana wa Massa, amemtolea Sucellus na Nantosuelta madhabahu hiyo, kisha zinafuata herufi nne, V S L M, yaani ameondoa nadhiri yake kwa hiari na kwa haki. Nadhiri unaijua: mtu huomba jambo, huahidi kitu, na akijaliwa hurudi kutimiza ahadi. Herufi hizo Warumi walizichonga kwenye madhabahu nyingi mno, hata hapakuwa na haja ya kuyaandika maneno kamili. Bellausus aliomba nini, kwamba mtoto apone au mavuno yasalimike, hakukiandika. Aliandika tu kwamba deni lake amelilipa.

Ukipita tena hapo, tazama chini ya miguu yao: kuna kunguru mmoja. Niandikie umemwonaje.

Wako akupendaye,
Baba