Maswali ya Wasomaji: Kazi ya Sanaa ya Kupapaswa

SWALI: Naandaa kazi ya sanaa kuhusu historia ya usomaji wa wasioona: upande mmoja herufi zilizoinuka za Valentin Haüy, upande wa pili nukta nundu (maandishi ya nukta zilizoinuka) za Louis Braille. Karatasi inachanika kwenye kona za herufi, na nukta zinalala watu wakishazipapasa. Nakosea wapi?

JIBU: Haüy, aliyefungua shule yake Paris mwaka 1785, aligandamiza karatasi iliyoloweshwa. Karatasi kavu haivutiki, ndiyo maana yako inachanika. Tafuta karatasi ya pamba ya gramu 300 kwa mita ya mraba. Kata herufi kwenye kadibodi ya milimita 2, piga kingo zake msasa, zipake vanishi zisinyonye maji, kisha zigundishe ubaoni kama zinavyosomwa, bila kuzigeuza. Lowesha karatasi kwa sponji, subiri dakika 10, iguseguse kwa taulo mpaka mng'ao wa maji uishe. Itandaze juu ya herufi, funika kwa kitambaa, sugua kwa mgongo wa kijiko. Usiibandue mpaka ikauke kabisa. Ikitoka mbichi, herufi zinashuka.

Nukta ni kazi nyingine: karatasi kavu, gramu 160 hivi. Kwa kibao cha mkono (fremu yenye vijidirisha vya kupangia nukta) unabonyeza nyuma ya karatasi, kutoka kulia kwenda kushoto, hivyo nukta ya 1, ambayo msomaji huikuta juu kushoto, inakaa juu kulia. Karatasi nyepesi hulaza nukta. Msumari mkali hupasua kilele chake, nayo ikabonyea kwa mguso wa kwanza tu. Hata nukta nzuri huchakaa, basi andaa nakala za kubadilisha.

Tafadhali usizikuze ili zionekane kwa mbali. Kati ya nukta na nukta ni milimita 2.5, kimo nusu milimita. Alama za Charles Barbier, afisa wa jeshi la Ufaransa ambaye Louis alianzia kwenye mfumo wake, zilikuwa na nafasi za nukta 12, zikazidi ncha ya kidole. Louis, akiwa na miaka 15, mwaka 1824 alizipunguza hadi sita. Ukizikuza, umerudisha kasoro aliyoiondoa yeye.

SWALI: Je, niongeze harufu na muziki?

JIBU: Muziki tungeuacha. Harufu ya ngozi ina sababu: baba yake Louis alikuwa fundi wa matandiko ya farasi huko Coupvray, na ni kifaa chenye ncha cha karakana hiyo kilichomjeruhi Louis jicho akiwa na miaka 3, hatimaye akapofuka. Weka vipande vya ngozi ghafi, si manukato, na uviweke mwisho wa meza, baada ya nukta. Mafuta ya ngozi yakishika vidole, yatahamia kwenye karatasi.