Kwa nini wasichapishe tu hela?

SWALI: Anko shikamoo, hivi kwanini Benki Kuu (BoT) wasichapishe minoti ya kutosha watu tukalipa madeni yakaisha? – Msomaji, Mbeya

JIBU: Marahaba. Hata mimi kodi ya nyumba ikikaribia huwa nawaza hivyohivyo haha. Ila hela zikiongezeka halafu mchele sokoni ni uleule, muuzaji anapandisha bei tu, yani wote mnakuwa na mabunda na njaa iko palepale. Zimbabwe yaliwakuta, wakachapa wakachapa mpaka Januari 2009 ikatoka noti ya dola trilioni 100, noti moja jamani!, na Aprili mwaka huohuo wakaiweka pembeni dola yao wakawa wananunulia mkate kwa dola ya Marekani na randi. Deni la dukani kwa Mangi we punguza kidogokidogo.