Flashi ya "nano" na picha za familia

Swali: Nimenunua flashi ya terabaiti 2, ndogo kama ukucha. Muuzaji anasema ni ya nanoteknolojia, inaandika data kwenye atomu, hivyo haipotezi kitu hata ikikaa miaka 100. Nikishahamishia picha za familia, naweza kuitupa diski yangu ya zamani?

Jibu: Usiitupe. Maneno ya huyo muuzaji nayasikia kila mara, na yananikera: eti kitu kikiwa "nano" basi ni imara. Ni kinyume kabisa.

Kila flashi ni kazi ya nanoteknolojia, hata kama pakiti yake haisemi hivyo. Biti zake, yaani zile 0 na 1 za data, ni elektroni zilizofungiwa ndani ya seli (vijumba vidogo mno kwenye chipu), nyuma ya ukuta wa kuhami wenye unene wa nanomita chache. Seli ikipunguzwa, elektroni nazo hupungua, na zikivuja chache tu taarifa imeharibika. Kila ukifuta na kuandika upya, ukuta unachakaa. Joto nalo linaharakisha uvujaji. Zipo chipu zinazobana biti 4 kwenye seli moja, yaani seli hiyo hiyo itofautishe viwango 16 vya chaji! Ndiyo maana watengenezaji waliacha kuzifinya seli wakaanza kuzipanga kwa ghorofa.

Kuandika kwenye atomu kupo, lakini maabara. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Delft, Uholanzi, walihifadhi kilobaiti 1 kwa kusogeza atomu za klorini juu ya shaba, moja moja, kwa hadubini maalumu, kwenye baridi ya nyuzi -196. Kilobaiti moja! Picha yako moja ya simu haitoshei humo. Hakuna flashi ya dukani inayofanya hivyo.

Kinachonitia hofu zaidi ni hizo terabaiti 2. Flashi bandia huwekewa chipu yenye uwezo mdogo, iliyopangwa kuidanganya kompyuta kwamba uwezo wake ni mkubwa. Ikijaa, data mpya inafuta ya zamani kimyakimya. Majina ya mafaili yanabaki, ukiyafungua hamna kitu. Watu huja kwangu wakiwa wameshafuta nakala za mwanzo, na hapo sina la kuwasaidia. Kabla ya kuhamisha chochote, ijaribu kwa H2testw au F3, programu za bure zinazoijaza flashi yote kisha kusoma kilichoandikwa. Ikishindwa, irudishe. Wala usishawishike na programu za "kuongeza uwezo" wa flashi: zinabadilisha namba inayoonekana tu, chipu ni ile ile.