Tangazo la keki lina maneno mengi mno

Dada nimekuelewa, tangazo la keki zako unaweka status ya WhatsApp na bei umeandika ila watu bado wanakuuliza keki shingapi na uko wapi. Umejaza vitu vingi mno, jicho halijui lianzie wapi. Weka picha moja tu ya keki, bei iwe kubwa kuliko hata jina la biashara, chini namba ya simu na mtaa, basi. Hayo maandishi ya njano juu ya nyeupe toa kabisa, juani hayasomeki. Saizi ya status ni pikseli 1080 upana kwa 1920 urefu, ukimaliza liangalie kwenye simu ndogo. Picha za kuokota Google acha, zina wenyewe. Ila ukitaka kuprinti bango mpe dizaina, maana rangi za kwenye simu zikichapwa zinabadilika na picha iliyopitia WhatsApp ikikuzwa inatoka na ukungu.