Diski Ikifa, Nani Atakuambia?

Kijana mmoja wa Bukoba kaniandikia juzi: "Shikamoo kaka. Nafunga seva ya duka la dawa, diski mbili. Nitumie mdadm, LVM au btrfs? Kila video inasema lake." Marahaba, mdogo wangu. Hizo video huenda zote zinasema kweli, na ndiyo maana umechanganyikiwa.

Kerneli, yaani kiini cha Linux, haina mlango mmoja wa RAID, ile namna ya kuunganisha diski ili moja ikifa data ibaki kwenye nyingine. Wa zamani ni md, tunaouendesha kwa programu ya mdadm. Mwaka 2003 toleo la 2.6 likaja na device-mapper, tabaka la kupanga diski ambalo LVM ya leo, ile ya kugawa nafasi ya diski, imejengwa juu yake, nayo ikawa na namna yake ya kuweka nakala pacha. Mwaka 2009 btrfs ikaingia na RAID yake ndani ya mfumo wa faili. Kisha 2011, toleo la 2.6.38, ikaletwa dm-raid: LVM ikaanza kuazima msimbo uleule wa md, ila taarifa za hitilafu zikawa zinatokea kwingine.

Hilo la taarifa nalijua vizuri mno. Kirumba, Mwanza, jirani na soko la Mwaloni, nilimfungia seva mfanyabiashara wa dagaa na mabondo: md chini, LVM juu, na kiskripti kinachosoma /proc/mdstat, faili ambamo md huonyesha hali ya diski zake, na kunitumia ujumbe safu (kundi la diski za RAID) ikipungukiwa diski. Akaja fundi mwingine wa bei nafuu, akasema kazi yangu ya kizamani. Akaifumua yote, akaunda RAID kwa LVM yenyewe. Sina ugomvi na LVM. Ninachomlaumu ni kukiacha kiskripti changu kikiendelea kufanya kazi, wenye mali wakaamini wanalindwa.

Safu iliyoundwa na LVM haiorodheshwi kwenye /proc/mdstat, hata kama msimbo unaofanya kazi ni wa md. Mdadm nayo haiifuatilii. Inayotakiwa kuifuatilia ni programu ya dmeventd, na hakuna aliyekuwa akisoma inachoandika kwenye logi. Diski moja ikafa, kimya. Ya pili ilipoanza kusuasua ndipo bosi akanikumbuka, usiku, "fundi wangu" kwa sauti laini. Nikapiga amri ya lvs, nikaiona herufi p kwenye sifa: kuna kipande hakipo. Nikaongeza diski mpya kwa vgextend, nikaendesha lvconvert --repair, nikakaa nikisubiri inakili. Kila kitu kikapona, mpaka madeni ya wateja wa Ukerewe. Malipo nilipata. Samahani sijaisikia mpaka leo.

Basi mdogo wangu, chagua mlango mmoja. Kwa diski mbili za duka la dawa mimi ningeweka md chini ifanye RAID, na LVM juu igawe nafasi tu, maana mdadm --monitor inajua kutuma barua pepe. Metadata, yale maelezo ambayo md huandika kwenye diski, iache kwenye toleo la 1.2. Ile ya 1.0 hukaa mwishoni mwa diski, na LVM inaweza kuiona kila diski kama inajitegemea, ikaanza kulalamika kuna pacha.

Ukiipenda btrfs, ipe diski zenyewe, usiilaze juu ya md. Inakagua faili na kujua nakala ipi imeoza, lakini juu ya md inaona kifaa kimoja tu. Itakuambia faili limeharibika bila kuwa na nakala nzima ya kulirekebishia. RAID5 na RAID6 zake achana nazo, watengenezaji wenyewe wanaonya.

Na nyie vijana mnaopenda kufumua kazi za wenzenu! Kabla hujagusa, uliza taarifa za hitilafu zinatoka wapi na zinamfikia nani. Mteja anafurahia bei leo, kesho analilia daftari la madeni. Mlango mmoja, narudia, na uujue unasemea wapi.

Kabla hujaingiza jina la dawa hata moja, zima seva, chomoa diski moja, iwashe. Simu yako isipopata ujumbe, usimkabidhi mtu hiyo seva.