Jibu kwa binti wa Makambako: miguu ya mama inayowaka moto usiku

Binti, umesema mama ana miaka 71, ana kisukari cha siku nyingi, miguu inawaka moto usiku, visigino vimejaa magaga na kucha za vidole gumba zimekuwa nene, za njano. Unauliza kama umloweke miguu kwenye maji moto ya chumvi, kama magaga yakatwe kwa wembe, na umpeleke wapi. Mimi ni mstaafu wa TAZARA hapa Mbeya, nina miaka 67, na kisukari nimekuwa nacho tangu nikiwa kazini. Si daktari, ila habari za miguu nazijua kwa sababu yangu imekufa ganzi kuanzia vidoleni hadi karibu na vifundo.

Wengi humu wamekujibu kuhusu dawa ya kuzima huo moto. Mimi nakwambia uogope zaidi siku moto utakapozimika wenyewe. Sukari ikikaa juu kwa miaka inaharibu neva. Zinapoharibika zinawaka na kuchomachoma, na mbele ya safari zinaweza kunyamaza kabisa, mama akadhani amepona. Mguu wangu wa kushoto ulikuwa unawaka hadi nautoa nje ya blanketi mwezi wa saba, na baridi ya Uyole mnaijua. Ulipotulia, muuguzi wa kliniki aliniambia nifumbe macho, akanigusa nyayo kwa ule uzi mgumu wa plastiki wanaouita wa gramu 10. Nikawa nasubiri aanze. Kumbe alishagusa karibu mguu mzima.

Kipimo cha nyumbani kipo, kilianzia Ipswich kule Uingereza, na hakihitaji kifaa. Mama alale, afumbe macho. Gusa kwa ncha ya kidole chako, taratibu, sekunde moja au mbili, ncha ya kidole gumba cha mguu, kisha kidole cha katikati, kisha kile kidogo cha mwisho. Miguu yote miwili, jumla vidole 6. Usibonyeze, usipapase, wala usimwambie sasa nagusa. Yeye aseme tu akisikia, kulia au kushoto. Asiposikia viwili au zaidi, hesabu kwamba ganzi imeingia, na aonwe na wataalamu.

Kwa huku kwetu juu, mguu wenye ganzi una maadui wawili ambao vipeperushi vya mjini haviwataji. Wa kwanza ni moto wa kuota. Baridi ya Njombe na Makete inawafanya wazee wakae na jiko la mkaa katikati ya miguu. Mzee mmoja jirani yangu aliungua nyayo hivyohivyo jioni ya Juni. Mkewe ndiye aliyesikia harufu ya soksi ya nailoni inaungua. Mzee mwenyewe alikuwa anaendelea kutusimulia habari za bei ya mahindi, hana habari. Chupa ya maji ya moto kitandani nayo ni yaleyale. Mvalishe soksi za pamba au sufi zisizobana, mwongezee blanketi, jiko likae mbali (na mlango uwe wazi kidogo, hewa ya mkaa inaua).

Wa pili ni panya. Msicheke. Panya huuma na kupuliza, na mtu mwenye ganzi hahitaji hata kupulizwa. Madaktari wa Dar es Salaam walishaandika kuhusu wagonjwa wa kisukari walioamka asubuhi vidole vimetafunwa. Kama magunia ya mahindi yanalala chumba kimoja na mama, yahamisheni, na alale na soksi.

Maji moto ya chumvi: achana nayo. Kuloweka muda mrefu kunalainisha ngozi hadi inapasuka, na yeye hawezi kujua kama yanamuunguza. Aoshe kwa maji vuguvugu yaliyopimwa kwa kiwiko chako, si kwa mguu wake, kisha akaushwe hadi katikati ya vidole. Fangasi wa pale katikati ndio mlango wa wadudu wa kidonda. Mafuta ya mgando apakwe kisiginoni na juu ya mguu kila siku, katikati ya vidole hapana. Magaga yasuguliwe kidogokidogo kwa jiwe jepesi la volkano, na wembe usiguse mguu huo kamwe. Ile ngozi ngumu ya sugu chini ya unyayo ndiyo ya kuangaliwa zaidi: mara nyingi juu inaonekana kavu na chini yake kidonda kimeshaanza. Ukiona imekuwa nyeusi au nyekundu kwa ndani kama damu iliyovilia, hiyo ni safari ya hospitali, si ya jiwe.

Kucha zikatwe kwa mstari ulionyooka bila kuchimba pembeni, tena baada ya kuoga zikiwa laini. Zile nene zipunguzwe kwa tupa ya kucha. Wale vijana wa kusafisha kucha wanaopita mitaani na vikapu vya rangi za kucha nawaheshimu, wanatafuta riziki, lakini kifaa kimoja kinapita miguu ya mtaa mzima na wanapenda kukwangua hadi damu. Kwa mama, hapana. Na hao fangasi wa kucha hata wakipata dawa sahihi, ukucha wa kidole gumba huchukua mwaka hadi mwaka na nusu kuota upya, kwa hiyo msikate tamaa mwezi wa pili.

Viatu. Kandambili inakata katikati ya vidole, na gambuti la shambani linatunza jasho na vijiwe. Mimi mitumba nanunua Mwanjelwa namna hii: jioni, mguu ukiwa umeshavimba kidogo, nasimama juu ya kipande cha boksi, mke wangu anachora mguu kwa kalamu na kuukata. Kile kipande nakiingiza ndani ya kiatu. Kikikunjika pembeni, kiatu kinabana hata kama mimi nasikia kiko sawa, maana kusikia kwenyewe ndiko kumekwisha. Na kila asubuhi natia mkono ndani ya kiatu kabla ya mguu. Nimeshatoa punje za maharage, kizibo cha soda, na msumari uliotokeza kutoka kwenye soli.

Kidonda kikitokea, hata kidogo, kioshwe kwa maji safi, kifunikwe kwa gozi, kile kitambaa safi cha vidonda, aende kituoni siku hiyohiyo. Ile tabia ya kupasua kapsuli na kumwagia unga wake kwenye kidonda iachwe, inaziba juu na usaha unaenda chini. Tena asikikanyagie. Watu wanabadilisha bandeji kila siku huku mgonjwa anatembea kwenda kisimani, halafu wanashangaa hakiponi. Mguu ukivimba na kuwa wa moto bila kidonda, asiukanyage, aonwe haraka, mifupa inaweza kuwa inavunjika kimyakimya. Weusi, harufu, au homa: ni dharura.

Kuhusu moto wenyewe, kama anameza vidonge vya sukari vya metformini miaka mingi muulize daktari habari ya vitamini B12, maana dawa hiyo inaweza kuipunguza mwilini na upungufu wake unaleta ganzi ileile. Dawa iitwayo amitriptilini inasaidia wengine kupunguza huo moto, lakini kwa mzee inaleta usingizi na kizunguzungu, asinunuliwe dukani.

Pa kumpeleka: kwa Makambako, hospitali ya Ilembula haiko mbali. Hospitali ya Ikonda kule Makete watu wanaifuata kutoka mbali, na kesi kubwa huja hapa Mbeya, Hospitali ya Rufaa ya Kanda. Kokote, uliza kwanza siku ya kliniki ya kisukari. Sera inasema mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo atibiwe bure, kwa hiyo shughulikieni kitambulisho chake cha msamaha kupitia mtaa na ustawi wa jamii kabla hajazidiwa, ila wekeni na akiba, kwani mara kadhaa dirishani unaambiwa dawa hii kanunue nje.

Jambo moja usilikubali. Kuna kituo nilihudhuria muda mrefu, wanapima sukari, presha, wanaandika, nenda. Hakuna aliyewahi kusema vua viatu. Siku hizi nikikaa tu navua mwenyewe. Mvue mama soksi kabla daktari hajashika kalamu, omba apimwe ganzi na mapigo ya damu juu ya mguu, hasa kama anavuta ugoro au misuli ya nyuma ya miguu, chini ya goti, inambana akitembea na kuachia akipumzika. Asiye na ganzi hukaguliwa mara moja kwa mwaka. Mwenye ganzi angalau kila miezi 6 hadi 12, na aliyewahi kupata kidonda hata kila mwezi.

Na mbebee viatu anavyovaa kila siku, hata kama vimechakaa na unaona aibu. Mtaalamu akiangalia soli imelika wapi anajua uzito unaangukia wapi, na ndipo kidonda kinapoweza kuanzia.